Mama Mkwe Aliniletea Mtu wa Kumtoa Chatu Nyumbani

Jumapili asubuhi nimetoka kuoga, nimejifunga taulo, nakuta mwanaume nisiyemjua amepiga magoti sebuleni kwangu.

Kichwa kiko chini ya kochi. Makalio yako juu. Mkono mmoja fimbo yenye panda, mkono mwingine gunia.

Anabembeleza kwa sauti ya mtu anayemlaza mtoto: "Toka baba. Toka taratibu. Hakuna atakayekuumiza."

Nikapiga ukelele.

Na yeye akapiga ukelele, akanyanyuka ghafla, akajibamiza kisogo kwenye ubao wa kochi.

Mama mkwe akachungulia kutoka jikoni. Alikuwa amesimama juu ya stuli. Mtu mwenye goti bovu, lililomleta mjini kutibiwa, amesimama juu ya stuli!

"Usimtishe mtaalamu! Yuko kazini!"

"Mtaalamu wa nini, Mama?"

"Kamwulize huyo mnyama wako."

Jamani, sogeeni. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na mume wangu yuko hapa pembeni anasoma kila ninachoandika, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Nianze na kazi yangu.

Mimi nafanya kazi kituo cha damu, jengo la kando ya hospitali. Si daktari, si muuguzi. Mimi ndiye yule dada anayekupigia simu kwa sauti ya asali, "Habari yako, ndugu mchangiaji, damu yako inahitajika leo," na wewe unaniambia uko safari ya mbali wakati nasikia kabisa mkeo anakuuliza chumvi umeiweka wapi.

Tulikuwa tunahangaika. Hospitali ikiomba damu ya kundi fulani, tunakaa mezani tunapekua majina, mmoja mmoja. Huyu kahama. Huyu namba imekufa. Huyu alichangia juzi, mwili wake haujarudi sawa. Huyu mwenyewe ndiye mgonjwa.

Wakati tunapekua, kuna mtu kitandani anazidi kupauka.

Nikachoka. Nikaamua kujifunza kuandika programu, kompyuta ipekue yenyewe, ijue nani anafaa na nani yuko karibu, iwatumie ujumbe wote kwa mpigo.

Lugha niliyojifunza inaitwa Python.

Kama hujui, usijisikie vibaya, hata mimi sikuwa najua. Kompyuta huiambii "hebu nitazamie". Unaiandikia maagizo kwa lugha iliyotungwa kwa kazi hiyo, na lugha za namna hiyo ni nyingi. Hii yangu inapendwa kwa sababu inasomeka karibu kama maneno ya watu, tena haichagui kazi. Kuna wanaotengenezea tovuti, kuna wanasayansi wanaochambulia picha za nyota, kuna wanaofundishia hizi mashine zinazojibu maswali siku hizi. Ni kama kisu cha jikoni. Kitunguu utakata, nyama utakata, na kamba ya mzigo utakata.

Sasa, Python kwa Kiswahili ni chatu.

Bosi wangu, daktari wa makamo mwenye miwani mikubwa na mdomo usio na breki, akaibatiza ile programu yangu jina hilo hilo. Chatu. Kituo kizima kikalidaka.

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Nyumbani meza yangu iko chumba kidogo, na chumba cha pili alilala mama mkwe. Ukuta wa katikati ni plaiwudi. Mtandao wa simu ni wa kubahatisha, kwa hiyo nikiongea na bosi napaza sauti kama muuza nyanya.

Na mama mkwe ana goti bovu, lakini masikio, weee!

Hebu jiweke kwenye nafasi yake. Umekuja kwa mwanao. Umejinyoosha kitandani. Upande wa pili unamsikia mkwe wako anasema:

"Bosi, Chatu jana kameza watu mia tatu, kufika katikati katapika wote."

Kimya kidogo.

"Hapana, watoto hali. Wa chini ya miaka kumi na minane anawaruka mwenyewe, nimeshamzoesha."

Kimya.

"Leo nampa damu ya kundi O peke yake. Nikimchanganyia anakasirika."

Halafu kicheko, na hili la kumalizia:

"Mume wangu? Hajui lolote. Yeye hata akimwona hatamtambua."

Ungelala wewe?

Mimi niliona mabadiliko tu, sababu sikujua. Mama akawa haingii bafuni bila kugonga sufuria kwanza. Akiketi kwenye kochi anapandisha miguu juu, kama mtu aliyeona maji ya mafuriko mlangoni. Nikipika nyama anauliza, "Hii imetoka wapi?" Nikimwambia buchani, ananitazama muda mrefu, kisha anakula mkate mkavu.

Nikamwuliza mume wangu. "Mama ana nini?"

"Umri."

Mume wangu ni mwalimu wa udereva. Kutwa yuko kwenye gari lenye breki mbili, ameweka mguu kwenye moja. Kwa mama yake hana breki hata nusu.

Kisha paka wa jirani akapotea.

Basi, kesi ikakamilika. Mama akapiga simu kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu baba mkwe, tunayemwita Baba Mdogo, karani mstaafu wa mahakama. Halafu akamtafuta fundi anayejitangaza kwa maandishi makubwa ukutani kwamba anaondoa nyuki, popo, nyoka na mikosi.

Popo na mikosi, bei moja. Sijui nani alimtungia.

Turudi sebuleni.

Baba Mdogo alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha pembeni, koti limefungwa vifungo vyote, fimbo yake ya kutembelea magotini.

"Kikao kimefunguliwa," akasema. "Ila mtuhumiwa akavae kwanza."

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Kavae."

Nikavaa. Niliporudi mume wangu ameketishwa katikati ya mama yake na baba yake mdogo, amebanwa kama mkate wenye siagi. Fundi kasimama mlangoni, gunia wazi.

Mama hakuzunguka. "Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe. Unapika vizuri, unaniheshimu. Lakini nyumba moja haiwezi kulea watu na chatu wa damu. Leo ama atoke yeye, ama naondoka na mwanangu."

Nikamtazama mume wangu, nikitegemea atacheka.

Hakucheka. Alikuwa anatazama chini ya meza.

Yaani na yeye! Mtu tuliyelala naye shuka moja!

"Chatu gani?" nikauliza, na hapo hapo ubongo ukaniletea yale mazungumzo yote ya simu, moja baada ya jingine. Nikashika mdomo. Nikacheka mpaka nikakaa sakafuni.

Kosa kubwa. Fundi akarudi nyuma hatua. "Mnaona? Limempanda."

"Mama, ni programu! Ni kitu cha kompyuta. Chatu ni jina tu."

"Jina halikai hewani," Baba Mdogo akasema. "Lina mwenyewe. Eleza asili."

Basi nikaeleza. Nikawaambia ni lugha, aliianza mzungu mmoja wakati wa likizo ya Krismasi, ofisi zimefungwa, anatafuta kitu cha kujishughulisha.

"Likizo nzima anatunga lugha?" Mama akauliza. "Kwao hakukuwa na vyombo vya kuosha?"

"Mama, sijui."

"Na hiyo lugha, inazungumzwa na watu wa wapi?"

"Haizungumzwi. Inaandikwa tu."

Fundi akatikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyeona majibu mabaya. "Lugha isiyozungumzwa na binadamu."

"Wewe nyamaza, shika gunia lako!"

"Utaratibu," Baba Mdogo akagonga fimbo. "Kwa nini aiite chatu?"

"Hakumaanisha nyoka, Baba Mdogo. Alichukua jina la kikundi cha wachekeshaji wa televisheni aliowapenda. Nyoka hahusiki kabisa, naapa."

Mama akanyoosha kidole kwenye kompyuta yangu iliyokuwa mezani. Juu ya kifuniko nilikuwa nimebandika nembo ya Python.

"Na hao ni nini?"

Jamani.

Nembo ya Python ni nyoka wawili. Mmoja wa buluu, mmoja wa njano, wamekumbatiana.

"Hao... hao ni nyoka."

Mume wangu akafunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Dume na jike," fundi akanong'ona.

"Nembo ilikuja baadaye!" nikapiga kelele. "Watu waliona jina, wakachora nyoka!"

"Kama shemeji alivyosema," akasema Mama. "Jina linavuta mwenyewe."

Unabishaje hapo? Mama akainuka, akaanza kumwita mwanawe kwa jina lake la utotoni, na mume wangu, simwelewi mpaka leo, akainuka kweli, akatafuta viatu vyake.

Kicheko kikanikauka. Nikaona ndoa yangu inatoka mlangoni ikiwa imevaa soksi zisizofanana.

Simu yangu ikalia. Bosi.

Nikaweka sauti ya nje, makusudi, wasikie wenyewe.

"Uko wapi?" Bosi alikuwa anahema. "Kuna mzazi wodini, amejifungua, damu haikatiki. O hasi. Nilikuwa na chupa moja tu kwenye friji, imeshatoka. Nimepiga simu mpaka sikio limewaka moto, Jumapili hii hakuna anayepokea. Hiyo programu yako iko tayari?"

"Sijawahi kuitumia kwa mgonjwa wa kweli, Daktari."

"Na mimi sijawahi kumwambia mama wa mtu kwamba nilisubiri ijaribiwe. Mwachie Chatu!"

Akakata.

Nikafungua kompyuta, na mara hii hakuna aliyenizuia. Nikaandika agizo. Mashine ikahesabu, ikachuja: O hasi, mzima, siku za kupumzika zimepita, anaishi karibu. Majina machache mno yakabaki.

Nikabonyeza. Ujumbe ukaondoka.

"Ndiyo hivyo tu?" Mume wangu akauliza, kiatu kimoja mguuni.

"Ndiyo hivyo tu."

Ting.

Simu ilikuwa imelia ndani ya chumba. Tukatazamana. Si yangu. Si ya mume wangu. Mama simu yake iko kwenye chaji.

Fundi akaingiza mkono mfukoni. Akatoa simu. Akasoma, midomo inatembea. Gunia likamponyoka.

"Soma kwa sauti," Baba Mdogo akaamuru.

Akasoma:

"CHATU: Ndugu, damu yako inahitajika leo. Fika haraka. Jibu NDIYO au HAPANA."

Mungu wangu. Neno CHATU mwanzoni. Nililiweka wakati wa majaribio, nikasahau kulitoa!

"Ameninusa," fundi akasema. "Nimekaa naye chumba kimoja, ameninusa!"

Akageuka mbio. Bahati nzuri mlango wetu unavutwa, na yeye alikuwa anausukuma.

"Kaka, subiri!" Nikamshika shati. "Uliwahi kuchangia damu?"

"Mimi? Hapana! Yaani... zamani. Sokoni. Walikuwa wanatoa soda."

"Wakachukua namba yako?"

"Walinipa soda mbili, ningewanyimaje namba?"

"Basi ndiyo hiyo. Wewe ni O hasi. Mtu wa kundi hilo anaweza kuwapa karibu wote, lakini yeye akiishiwa anapokea ya mwenzake tu. Kuna mwanamke anakufa, na dawa yake unatembea nayo wewe."

"Dada, mimi sindano..." Akashusha sauti. "Mimi nyoka naweza. Sindano siwezi. Siku ile ya soda nilizimia."

Huwezi kumburuta mtu kwenda kuchangia damu. Ni yake.

Mama mkwe ndiye aliyesogea. Alishuka kwenye woga wake kama mtu anayeshuka gari, akatembea kwa lile goti hadi mlangoni, akasimama mbele ya fundi.

"Mimi, huyu hapa," akasema, akimwonyesha mume wangu, "nilipomzaa nilitoka damu mpaka godoro likaloa chini. Nasikia wakunga wanaitana, nasikia kwa mbali kabisa, kama niko kisimani. Kuna mtu akanipa damu. Mpaka leo simjui. Sijui kama alikuwa mlevi, sijui kama alikuwa mwizi. Najua tu kwamba nilipona, na mwanangu hakunyonyeshwa na shangazi."

Mume wangu alikuwa amekodoa macho. Hakuwahi kuambiwa.

"Sasa wewe," Mama akaendelea, "umekuja hapa kwangu unasema huogopi kitu. Twende."

"Mama, na chatu je?"

"Chatu atasubiri!"

Tukajazana kwenye gari la mafunzo, lile lenye kibao kikubwa cha MWANAFUNZI juu ya paa. Fundi mbele, Mama nyuma yake amemshika bega ili asirukie nje. Baba Mdogo akasisitiza kikao hakijafungwa, kimehamishwa tu.

Njiani bosi akapiga tena. Alikuwa anatukana.

"Umewaandikia watu CHATU ANATAKA DAMU? Mmoja kanipigia kunilaani! Wengine wanadhani ni matapeli! Nahitaji watu wawili, sina hata mmoja!"

"Mmoja ninaye, Daktari. Namleta."

"Na wa pili?"

Nikatazama majina kwenye kompyuta magotini mwangu. Mkono wenye mikunjo ukapita mbele yangu, ukachukua simu yangu.

"Nisomee namba," akasema Mama.

Nikasoma.

"Haloo? Shikamoo yangu uniamkie baadaye, sasa nisikilize. Umepata meseji yenye jina baya. Jina ndilo baya, meseji ni nzuri... Mimi? Mimi ni mama. Mama wa nani si muhimu. Umevaa? Vaa. Umekula? Kula huku unatembea. Kuna mtoto amezaliwa leo hajajua sura ya mama yake, na wewe umelala... Eeh. Eeh. Nakusubiri getini, nimevaa gauni la kijani."

Akakata. "Wa pili huyo anakuja. Ni mwalimu wa hesabu, ana adabu."

Kituoni fundi alilazwa. Mama akamziba macho kwa kiganja chake mwenyewe, akamwuliza habari za nyuki. Alisimulia mzinga mmoja mkubwa alioutoa darini kwa watu, malkia alivyokimbia, alivyong'atwa sehemu isiyotajika, mpaka muuguzi akasema, "Tumemaliza."

"Hata hamjanichoma," fundi akasema.

Akaona mfuko wa damu. Ndipo akazimia.

Mwalimu wa hesabu alifika kweli, shati limevaliwa nje ndani. Damu ikapimwa haraka kadiri inavyowezekana, ikakimbizwa wodini. Sisi tukabaki kwenye benchi. Hakuna aliyeongea habari za nyoka. Mume wangu alikuja akakaa karibu na mama yake, akaweka kichwa begani kwake, mtu mzima na kitambi chake, na yeye akamwacha.

Kabla ya saa sita mchana bosi akatoka, miwani iko kichwani.

"Imekatika," akasema. "Yupo. Amedai chai na anagombana na muuguzi."

Baba Mdogo akasimama, akafunga kifungo kilichokuwa kimefunguka. "Mtuhumiwa ameachiwa huru. Mume wake aombe radhi kwa kutafuta viatu."

Aliomba. Hadi leo anaomba.

Sasa nawaambia kilichotokea baadaye, maana hata mimi sikukitarajia.

Nilirekebisha ule ujumbe, nikatoa jina, nikaweka la kituo. Chatu anafanya kazi safi, anapekua kufumba na kufumbua. Lakini bosi akagundua jambo. Ujumbe wa mashine, watu wengi wanasoma na kunyamaza. Wanaujibu moyoni.

Akamwajiri mama mkwe.

Hamjasoma vibaya. Goti limepona, hakurudi kwake. Anakuja kituoni asubuhi, anapewa chai na simu. Programu inamletea majina ya waliokaa kimya, yeye anawapigia. Kwake hakuna cha "niko safarini". Anakuuliza unasafiri kwenda kwa nani, na huyo mtu anamjua.

Juzi alikuja mezani kwangu, akaegemea kiti, akatazama maandishi kwenye skrini. Nikamwelekeza: hapa naiambia, kwa kila mchangiaji, kama kundi lake ni hili, na kama siku zimetimia, mtumie ujumbe. Nikamwonyesha kwamba mstari ukianza mahali pasipo pake hata kwa nafasi moja, kitu kizima kinagoma.

"Inagoma kabisa?"

"Kabisa, Mama."

"Safi," akasema. "Ina malezi."

Kisha akaniomba nimwongezee sehemu ya kuandika nani ameahidi na hakuja. Hao, alisema, atawafuata mwenyewe.

Funzo langu? Yule anayekiogopa kitu chako usikimbilie kumwita mjinga wala adui. Mketishe, mweleze taratibu, na akikuuliza maswali ya ajabu, mjibu hayo hayo ya ajabu. Huenda unachokosa kwenye kazi yako yote ni mtu mkali kama yeye.

Na kama wewe ni O hasi, tafadhali, jibu ujumbe mapema. Usisubiri mama mkwe wangu akupigie.